Machela ilibaki mapokezi, nami nikanunua chai

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 33, mke mmoja na mtoto wa miaka minne. Huu ni mwaka wa tatu tangu nipangwe kwenye gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Chalinze. Jina la kituo naomba nilifiche, ugali wa mwanangu unatoka pale.

Kama hujawahi kukaa kiti cha nyuma cha gari hili, ngoja nikueleze kidogo. Barabara yetu ndiyo ya mabasi ya mikoani na malori ya Zambia na Kongo. Tukipigiwa simu, nusu ya kazi ni kubembelezana na barabara. King'ora kinalia, taa zinazunguka, na mbele yako kuna semitrela kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, dereva kazima injini anatafuna mahindi. Bodaboda ndio wanaopisha, kisha wanajiunga nyuma yetu wapate njia ya bure. Wapo wanaosema bila kificho, "Hao wamebeba mkaa hao." Siku moja konda wa daladala aliteremka kwenye foleni akaja kuchungulia kiooni kama kweli kuna mgonjwa ndani. Alipomwona akasema, "Aah, kumbe."

Ukifika eneo la ajali unakuta majeruhi ameshavutwa kutoka kwenye gari, wanne wamemshika miguu na mikono, shingo hakuna aliyeishika. Wamemlaza chini ya mwembe wanampepea kwa fulana. Simu yake haipo, na mara nyingine viatu pia. Kama ni lori la mafuta limelala, madumu yanakuwa yamefika kabla yetu. Msamvu si mbali na sisi. Agosti 2019 walikufa pale watu zaidi ya 100 lori lilipolipuka wakichota petroli, na bado ukimwambia mtu aondoke anakuuliza, "Kwani ya baba yako?"

Hayo nimeyazoea. Nimezoea pia kutumwa kuwaambia ndugu wa mgonjwa wachangie mafuta ya gari, halafu matusi nayapokea mimi. Posho za safari za usiku tunadai tangu mwaka jana. Likizo huu ni mwaka wa pili sijaenda, naambiwa hakuna wa kunishikia zamu. Yote hayo nayameza.

Kilichonifanya nikuandikie ni usiku mmoja, wiki tano zilizopita.

Tulipata rufaa ya kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa, anakoroma ile koroma mbaya. Dereva wangu ni mtu mzima, amenizidi miaka ishirini, namwita Mzee. Tulimfikisha hospitali kubwa moja ya Dar saa 6:20 usiku. Mapokezi palikuwa hapapitiki. Tukaambiwa, "Mwacheni kwenye machela yenu, kitanda kikipatikana tutawaita." Bi Mkubwa, machela yetu ni moja. Mwaka juzi mwenzetu aliiacha huko, ikapotea, akakatwa mshahara miezi sita. Tangu hapo amri ya kituo ni kwamba gari haliondoki bila machela, na anayesaini ni muuguzi.

Saa 7:50 simu yangu ikaita. Ni dada wa zahanati moja huko kwetu, tunafahamiana, huwa ananipigia mimi moja kwa moja. Mama kajifungua saa saba, mtoto mzima, lakini damu haikati. Nikamwambia, "Tunakuja dada, tunakuja, mshikilie tu." Nikaingia ndani kumwomba muuguzi wa mapokezi machela yangu. Nikamweleza kuna mama anavuja damu. Akanyoosha mkono kuonyesha korido nzima, akasema, "Na hawa?" Mzee akasema twende bila machela, tutamlaza mama kwenye godoro. Nikakataa. Mimi ndiye niliyesaini.

Nilisimama ukutani dakika 40. Nje ya geti kuna mama anauza chai usiku kucha. Nikatoka, nikanunua kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, nikarudi ukutani nikainywa yote.

Saa 8:30 wakatupa machela. Gari letu la pili lilikuwa gereji wiki ya tatu kwa ajili ya tairi. Mzee aliendesha kama mtu asiye na watoto nyumbani. Tulifika saa 10:05. Yule mama alikuwa amefariki kama saa 9:30 hivi. Dada wa zahanati amekaa sakafuni, kanga yake imelowa mpaka magotini, bado ana glovu mikononi. Mume wa marehemu amesimama mlangoni na mtoto kwenye kitenge. Hakupiga kelele. Aliniangalia akaniuliza, "Mlikuwa mnakunywa chai?"

Najua ni namna ya kusema tu, watu husema hivyo. Lakini nilikuwa nimekunywa chai.

Mwanaume yule ni fundi pancha, kibanda chake kiko barabarani hapo hapo, na matairi yetu siku zote tulikuwa tunaziba kwake. Sasa namwambia Mzee twende kwa fundi wa mbele, kilomita sita zaidi. Mzee haniulizi kitu. Tukipita kwenye kibanda najifanya naandika kwenye daftari la safari.

Usingizi umekatika. Nalala saa moja nashtuka, naona nimesikia simu. Nimeanza kunywa bia mbili za kulalia. Juzi mwanangu aliangusha kikombe nikampigia kelele mpaka akajikojolea. Mke wangu anasema nimekuwa kama nyumba iliyohamwa, taa zinawaka lakini hamna mtu. Anataka niache, turudi kwao Ifakara tulime mpunga.

Nisaidie mambo mawili. Je, niende kwa yule fundi nikamwambie ukweli kuhusu ile chai? Na je, niache hii kazi?

Mimi wa Gari la Wagonjwa, Pwani

* * *

Marahaba mwanangu. Pole na kazi.

Nianze na langu. Kabla ya kustaafu nilikaa mapokezi ya hospitali kubwa miaka 11. Huyo dada aliyekuambia "Na hawa?" angeweza kabisa kuwa mimi. Nimeshikilia machela za watu mpaka alfajiri. Nilikuwa nawaona madereva na wauguzi wa rufaa wamejipanga ukutani na vikombe vyao, nikisema moyoni wenzetu hawa wana raha, wakishashusha mgonjwa wao kazi imekwisha. Miaka 11 sikuwahi kujiuliza huko walikotoka simu inamlilia nani. Kwa hiyo barua yako niliisoma nikiwa nimekaa vibaya kidogo.

Chai tuimalize hapa hapa. Machela ilikuwa imelaliwa na mtu aliyepasuka kichwa. Ungesimama pale bila kikombe, isingetoka mapema. Ungesimama na tasbihi au rozari, isingetoka mapema. Kikombe kile hakikula hata dakika moja ya yule mama. Kinakuuma kwa sababu mfiwa alikitaja bila kujua, ikawa kama amekuona. Watu wa zamu za usiku wote tumekula na kunywa huku mtu akifa upande wa pili wa ukuta. Mimi nimewahi kumenya chungwa.

Sasa tufanye hesabu, maana nadhani wewe umeifanya mara mia na kila mara unakosea mahali pamoja. Mlitumia saa moja na dakika 35 njiani, na Mzee hakubakiza mwendo. Mngeondoka saa 7:50 bila machela kama alivyotaka, mngefika saa 9:25. Mama amefariki saa 9:30. Mngemkuta yu hai, kwa dakika tano, na baada ya hapo kulikuwa bado na safari ya kumpeleka kwenye damu na chumba cha upasuaji. Je, dakika zile 40 zingeokoa? Sitakudanganya kwamba hazina maana yoyote, wala mimi sikuwepo. Ninachojua kutoka wodi ya wazazi ni kwamba mama anayevuja damu hivyo baada ya kujifungua anaweza kwisha ndani ya saa mbili, na wengine hawafiki hizo. Gari lililoko Dar halikuwa gari lake tangu mwanzo, liwe na machela au lisiwe nayo.

Na hapa ndipo kuna neno katika barua yako lililonisimamisha. Umeandika kurasa mbili kuhusu chai na machela, halafu ukalipita hilo neno kama si kitu. Ulimwambia dada wa zahanati, "Tunakuja."

Jiweke kwake. Yuko peke yake usiku, mikono imejaa damu, taa sijui ni ya sola au tochi ya simu. Amepiga simu kwa mtu anayemwamini, ameambiwa tunakuja. Kuanzia hapo anasubiri. Hatafuti tena. Kila taa ya lori inayomulika dirishani anadhani ni nyinyi. Mume naye ameambiwa gari linakuja, naye hakwenda kumgongea jirani mwenye Noah. Neno lako lilikuwa la huruma, na ndilo lililofunga milango mingine yote.

Namba ya kupiga ilikuwa 115. Unaijua, najua unaijua, imebandikwa ukutani kwenye kliniki za wajawazito. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa na sasa uko nchi nzima, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Simu haitozwi. Anayepokea hatazami gari la kituo fulani, anatazama gari lililo karibu. Gari la wagonjwa likikosekana, anamwita dereva ngazi ya jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Wewe na huyo dada mmejenga njia yenu ya mkato kwa sababu mnafahamiana na kwa sababu siku nyingi imefanya kazi. Kujuana kunasaidia pale unapokuwa jirani. Usiku ule ulikuwa kilomita zaidi ya 100, yeye hakujua, na wewe hukumwambia.

Sikuambii haya nikuongezee mzigo juu ya mzigo. Kupiga 115 lilikuwa jukumu la zahanati kabla halijawa lako, na gari kukaa gereji wiki tatu kwa tairi ni jukumu la wakubwa wenu kabla ya wote. Nakuambia kwa kuwa chai huwezi kuitapika sasa, lakini neno hili unaweza kulibadilisha kabla ya zamu yako ya kesho. Simu ikiita nawe uko mbali, sema hivi: "Niko Dar, sifiki kabla ya saa kumi. Usinisubiri. Kata simu, piga 115, halafu nipigie tena." Ni maneno makavu. Yatakuuma kuyasema kwa mtu anayelia. Yaseme hivyo hivyo.

Akikupigia tena, usimwache peke yake. Wewe ni muuguzi, na ulikuwa na dakika 40 na simu yenye chaji. Muulize: sindano ya oksitosini umeshachoma? Kondo la nyuma limetoka lote, ulilikagua? Tumbo ukilishika mfuko wa uzazi ni mgumu au ni laini kama unga uliokandwa? Kama ni laini, usugue mpaka ukaze, usiache. Kibofu kimejaa? Umetazama kama amechanika? Mfunike, asipate baridi. Mtu mwenye hofu husahau vitu anavyovijua kwa moyo, na sauti ya mwenzake sikioni inavirudisha. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ambayo gari lako lingeweza kuifikisha usiku ule, maana sauti haina foleni ya mizani.

Machela sasa. Kila kifo cha mama kinachotokana na uzazi kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, kisha kijadiliwe kikaoni, na kikao hicho hakikuwekwa kutafuta wa kumnyonga, kimewekwa kutafuta kilichokwama. Hukuniambia kama uliitwa. Nahisi hukuitwa, maana watu wa gari huwa hatuwaiti. Tunamwita daktari, mkunga, mfamasia, halafu tunaandika "kuchelewa kwa usafiri" na kufunga faili. Neno "usafiri" pale ni wewe na Mzee. Mwombe mganga mfawidhi akuruhusu uingie, au kama kikao kimepita, uandike karatasi moja. Usilalamike humo ndani. Weka saa tu: 6:20 tumefika, 7:50 simu, 8:30 machela, 10:05 zahanati, gari la pili gereji tangu tarehe fulani. Saa zikipangwa hivyo hazihitaji kivumishi.

Chini ya karatasi hiyo omba kitu kimoja: machela kwa machela. Ukienda kununua gesi unaacha mtungi mtupu unaondoka na uliojaa, hakuna anayekaa dukani kusubiri mtungi wake ule ule wa jana. Hospitali inayopokea ikupe machela tupu ya kwake, isainiwe pande zote mbili, na zibadilishane safari inayofuata. Wakisema hawana za ziada, basi kituo chenu kinunue ya pili. Najua mtaambiwa bajeti. Ila kumkata muuguzi mshahara miezi sita kwa machela iliyopotelea hospitali ya serikali, kisha kushangaa kwa nini wenzake hawaondoki bila machela, hilo waulizwe kwa sauti. Hofu yako usiku ule ilitengenezwa ofisini, mchana kweupe, na mtu mwenye kalamu.

Nije kwa fundi.

Nenda. Lakini usiende kuungama. Ukienda kumwambia "ni kweli nilikunywa chai, nisamehe", utakuwa umembebesha mfiwa kazi ya kukufariji, au ya kukulaani, na yote mawili hana nguvu nayo. Ana mtoto mchanga wa wiki tano anayehitaji maziwa. Nenda mchana, usivae sare, mchukue Mzee kwa kuwa ni mtu mzima na anajua kukaa kimya. Mpeni mkono, mpe pole, toeni rambirambi kadiri ya uwezo wenu. Kama kuna benchi, kaa. Muulize mtoto anaendeleaje na nani anamlea. Kama hatauliza lolote kuhusu usiku ule, usianze wewe.

Akiuliza, mjibu kila kitu kwa mpangilio, na saa zake. Tulikuwa Dar. Machela ilikuwa na mgonjwa. Nilipigiwa saa fulani, nikasema tunakuja, nilipaswa kusema niko mbali. Akiuliza tena lile swali la chai, sema ndiyo, nilikunywa nikiwa nasubiri. Usiongeze "lakini". Anaweza kukufukuza. Anaweza kunyamaza akaendelea kupiga nyundo rimu. Vyovyote itakavyokuwa, tairi zenu zikitoboka mpelekeeni yeye. Kumkwepa mtu kilomita sita ni kumwambia kila siku kwamba mna hatia ambayo hamumwelezi, na barabara nzima inaona.

Hao wanaosema mmebeba mkaa sina dawa yao. Ila kuhusu wale wanaovuta majeruhi nakupinga kidogo. Unawaandika kama adui, na wezi wa simu wamo kweli, lakini yule aliyempepea majeruhi kwa fulana yake alibaki kifua wazi juani kwa ajili ya mtu asiyemjua. Huyo anataka kusaidia, hajui ashike wapi. Bodaboda wa kijiweni kwenu wapo kwenye ajali dakika ya pili, nyinyi mnafika ya ishirini mkiwahi. Jumapili moja wakusanye kumi, uwaonyeshe vitu vitatu tu: shingo ishikwe na mtu mmoja asiyefanya kingine, damu ikandamizwe kwa nguo bila kuchungulia chungulia, na lori la mafuta liachwe mita nyingi na sigara zizimwe. Wana vichwa vyepesi, wengi wao wameshaanguka wenyewe.

Nyumbani. Umemwandikia mwanamke usiyemjua kabla ya kumwambia mkeo. Anajua hulali, anajua bia, hajui chai. Mwambie leo, mtoto akishalala. Humwombi ushauri, unampa tu sababu, maana mtu aliyefichwa sababu huitunga yake, na atakayoitunga inaweza kuwa na jina la kike. Mwanao naye mwambie baba alikosea kupiga kelele. Miaka minne inaelewa.

Bia za kulalia acha. Zinakuzimisha saa ya kwanza, zinakuamsha saa ya tatu, na wewe kazi yako ni kuamka ukiwa na akili. Na hili la kushtuka, kusikia simu isiyoita, kukwepa kibanda, hasira za ghafla: wiki moja mbili baada ya tukio kama hilo ni kawaida ya binadamu. Likipita mwezi, ni jambo la kuonwa na mtaalamu, na wewe umepita. Nenda kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, waambie unachofanya kazini na ulichokiona. Wana tiba ya mazungumzo, wakiona haja wana dawa. Usiende kwa mlango wa nyuma kana kwamba unaficha ugonjwa wa aibu. Ungekuwa umeteguka mgongo kwa kubeba machela ungeshapigwa picha wiki ya kwanza. Mzee naye mtazame. Mtu aliyeendesha vile, halafu akafika kukuta kanga imelowa, halafu hakuulizi kitu wiki tano, naye amebeba.

Kuacha kazi? Sitakujibu ndiyo wala hapana, kwa sababu anayeuliza ni mtu ambaye hajalala wiki tano na hajapumzika miaka miwili. Kwanza likizo. Siku 28 kwa mwaka ni haki yako, si hisani ya mfawidhi, na "hakuna wa kukushikia" ni tatizo la anayepanga zamu. Iombe kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Nenda nayo Ifakara, ukapige jembe la wakwe zako, uone kama ni mpunga unaoutaka au ni usingizi. Ukirudi, omba miezi mitatu wodini kabla ya kurudi garini. Ikiwa baada ya hapo king'ora bado kinakutoa jasho, toka, na usiombe radhi kwa mtu. Wauguzi wanahitajika hata kule kwenye mpunga.

Barua ya machela ukishaiandika, nitumie nakala kupitia safu hii. Bado nina namba za wawili watatu pale mapokezi, na mmoja wao siku hizi ndiye anayepanga vitanda.

Bi Mkubwa